Vidole Vinne Juu ya Kifundo

Fundi Makochi alikuwa na duka la kushona makochi, na nyuma ya duka palikuwa na ua wa saruji ambako vijana sita walijifunza kupigana kwa ngumi na mateke. Mfuko wa mateke aliushona mwenyewe kwa turubai, akaujaza mabaki ya sponji na vitambaa, chini kabisa mchanga. Mgeni akiupiga mara ya kwanza huchechemea siku mbili. Fundi humwambia asijisikie vibaya, hata mfuko umelala na maumivu.

Utani wa aina hiyo alikuwa nao tele. Lakini waliomzoea waliona jambo moja. Kila asubuhi akifungua duka, kabla hajagusa cherehani, husimama akatega sikio upande wa uani, kama mwenye nyumba anayetaka kujua kama mgeni wake ameamka.

Aliyekuwa akisikilizwa ni kaka yake, na kaka yake alikuwa amekufa miaka kumi na saba iliyopita.

Ndugu hao wawili walikomaza magoko pamoja kwenye ua uleule. Unachukua chupa ya soda, ile ya kioo kizito, unaiviringisha juu ya ugoko kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo, mara mia moja. Kisha mwenzako anapitisha kidole gumba palepale, anabonyeza. Na Fundi, kwa ujeuri wa ujana, alitunga sheria: ukishtuka, unarudi kwenye moja. Basi hakuna aliyeshtuka. Fundi alitazama ukuta, mara akaulizia matokeo ya mpira. Kaka yake aliimba puani. Haukuwa wimbo hasa, mmm ndefu tu, ila wiki ya mwisho kabla ya pambano lake, kidole kilipofika vidole vinne juu ya kifundo, mmm ile ilipanda.

Fundi aliisikia ikipanda siku ya kwanza, ya pili, na zote zilizofuata. Akanyamaza, maana pambano lilikuwa Jumamosi na ua wao ulikuwa bado haujajulikana popote. Raundi ya pili kaka akarusha teke, ukasikika mlio kama wa fremu ya kochi inayovunjwa. Mfupa ulitoka nje, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Baada ya miezi minne mwenyewe akaufuata, akamwacha mkewe na mimba.

Mimba hiyo ndiyo Kijiti, mmoja wa wale vijana sita. Jina alipewa kwa sababu ya miguu yake myembamba, na hakuna aliyelitamka kwa dharau tangu alipoanza kuirusha. Jumamosi angepigana mbele ya wachaguzi wa timu kubwa. Mama yake alikuwa ameshamfulia bukta mara mbili, ingawa ilikuwa mpya.

Jumatano mchana, wenzake walipoondoka, Kijiti alikaa uani kwenye kochi lisilo na mito, akamaliza mia yake ya chupa, akamnyooshea mguu baba yake mdogo. Fundi akapitisha kidole. Kijiti akaanza kuimba puani.

Wimbo ule Fundi hakuwahi kumsimulia mtu, hata mama wa mtoto. Kidole kikashuka, kikafika vidole vinne juu ya kifundo, na mmm ikapanda. Kidole kikasimama palepale.

"Vipi, baba mdogo, betri imeisha?" Kijiti akamtania.

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Wimbo gani?"

Hakujua kama alikuwa akiimba. Fundi akamuuliza kama panauma, akajibiwa hapaumi, pamekomaa. Akamwambia Jumamosi hapigani. Kijiti akacheka kidogo, kisha akaona mzee hatanii. Akasema kwa upole kabisa kwamba asipopelekwa na yeye, atakwenda na mwalimu wa ng'ambo ya barabara, aliyekwisha kumwita mara mbili. Na Fundi alijua ataenda. Damu ile aliijua.

Ndipo akamweleza yote: chupa, kidole, wimbo, wiki nzima ya kunyamaza. Aliongea akitazama cherehani kupitia mlango wa duka.

"Ulijua?" Kijiti akauliza.

"Nilijua. Nikajifanya kiziwi."

"Na mama?"

"Hajui."

Kijiti akashusha mguu wa suruali, akaelekea mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakuficha kuchechemea. Akasimama pale, mgongo umemgeukia Fundi. Fundi hakumwita. Angemwita kwa mdomo upi?

Chupa ikaanza kuviringika pale chini. Ikapita katikati ya ua polepole, ikagonga ukuta, ikatulia. Sakafu ile Fundi aliimwaga mwenyewe, na mteremko wake unaelekea upande mwingine.

Wote wawili waliitazama. Kisha Kijiti akarudi, akakaa, akaweka mguu juu ya paja la baba yake mdogo.

"Bonyeza tena," akasema.

Fundi akabonyeza kuanzia gotini, taratibu, kama anayetafuta msumari ndani ya kitambaa. Kijiti hakuimba. Alikuwa ameuma mdomo. Vidole vinne juu ya kifundo, mguu mzima ukaruka.

"Hapo," akasema, machozi yakimtoka. "Panauma, baba mdogo. Panauma tangu juzi."

Fundi hakumrudisha kwenye moja. Alimvalisha kiatu, akachuchumaa, akambeba mgongoni ili wakapige picha ya mguu hospitalini, na njiani wampitie mama yake, ambaye naye alikuwa na haki ya kusikia. Alipokuwa akifunga duka, mchana kweupe, akatega sikio kwa mazoea. Mmm ya kaka yake ilikuwepo bado kule uani, chini chini. Alingoja ipande. Haikupanda.