Shangazi Kwenye Jukwaa la Blenda

Kwa miaka tisa dada mmoja alipokea simu za wateja katika kampuni ya kutengeneza blenda, na kwa miaka tisa swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Umeichomeka kwenye umeme?" Wenzake wakambandika jina, Bi Umechomeka. Moyo wa kuvumilia alikuwa nao, ila sauti ilishaanza kumkauka.

Siku moja meneja akamwambia, "Tunataka jukwaa mtandaoni, wateja waulizane na kujibizana wenyewe. Zipo programu tatu. Chagua wewe."

Kompyuta hazikumtisha; wateja ndio waliomtisha. Basi akabeba kompyuta yake hadi jikoni kwa shangazi yake, mwenye blenda ya kampuni hiyo na maneno yasiyoisha, amjaribie.

Programu ya kwanza ilipendeza kama kadi ya harusi. Ila kabla ya kumfungulia shangazi, ikamtaka athibitishe kwamba yeye si roboti.

"Nimezaa watoto saba!" shangazi akafoka. "Roboti gani huzaa?"

Ya pili iligawa nyota. Shangazi alibonyeza kitufe kimakosa mara kumi na mbili, ikampa cheo cha Mtaalamu Mkuu. Alikipenda mno. Mpwa wake akaitupilia mbali papo hapo.

Ya tatu ilikuwa na sura ya fomu ya kuomba kazi, lakini ukiandika "inavuja", inakuletea yote yaliyowahi kuulizwa kuhusu kuvuja. Shangazi aliielewa kabla maji ya chai hayajachemka. Ikachaguliwa hiyo.

Jukwaa lilipofunguliwa, mteja wa kwanza akaweka picha ya blenda inayovuja. Bi Umechomeka hajagusa hata kibodi, jibu likatokea.

"Mpira wa chini umeuweka kichwa chini miguu juu, mwanangu. Ugeuze. Na hiyo meza ifute, nimeiona."

"Ahsante, shangazi. Imeacha kuvuja. Meza naifuta."

Haikupita wiki, wateja wote wakawa wanamwita shangazi. Meneja, akitaka kupima huduma, akajipenyeza kwa jina la uongo na kuuliza namna ya kuondoa harufu ya kitunguu.

"Limeulizwa juzi," shangazi akamjibu. "Tafuta hapo juu. Macho unayo?"

Meneja akatoka ofisini ameduwaa. "Nani huyu mfanyakazi mkali?"

"Si mfanyakazi, bosi. Ni shangazi yangu."

"Mwambie harufu imetoka. Na muulize kama atapokea na simu."

Shangazi alikataa katakata. "Mtu akinikatia simu sijamaliza kusema, nitamfuata hadi kwao."

Simu zikabaki kwa Bi Umechomeka, tatu au nne tu kwa siku. Nyingi ni za wateja wanaomshtaki shangazi.