Mkanda Mwekundu wa Mwaka wa Farasi

Niliibiwa miaka miwili ya umri wangu. Aliyeiba ni Kocha Ouyang wa shule ya michezo ya mkoa, na ninaamini aliyemsaidia ni Shi Lanfang, tuliyelala naye chumba kimoja.

Nilizaliwa mwaka wa Farasi. Kwetu miaka huitwa kwa wanyama kumi na wawili wanaopokezana, na Nyani huja miaka miwili baada ya Farasi. Kwenye faili langu la serikali mimi ni Nyani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kocha akataka nishindane na watoto wa miaka kumi, na kwa kuwa nilikuwa mwembamba kama njiti hakuna mwamuzi aliyeuliza. Sisi wasichana wa jimnastiki tulipimwa uzito alfajiri, kabla ya uji. Aliyezidi alikimbia wenzake wakila. Darasani tulikaa saa moja kwa siku, tena tukisinzia. Ndiyo maana barua ya mama ilipofika sikuweza kuisoma.

Mwaka ule ulikuwa wa Farasi tena. Kwetu mtu akirudiwa na mnyama wake huvaa kitu chekundu, maana ni mwaka wa mikosi. Mama alishona mkanda mwekundu, akaukunja ndani ya barua aliyoandikiwa na jirani. Lanfang ndiye aliyenisomea: nimetimiza kumi na miwili, nisiuvue mkanda mpaka mwaka uishe. Nikaficha vyote chini ya godoro.

Asubuhi, wenzangu wote wakiwa wametoka, kocha hakupekua chumba. Alikwenda moja kwa moja kwenye godoro langu. Mkanda aliutia ndani ya jiko la makaa, barua akaitia mfukoni.

"Wewe ni Nyani," aliniambia taratibu. "Farasi akionekana hapa anarudi kwao kulima."

Juma lile Lanfang alihamishiwa kitanda cha karibu na jiko, chenye joto kuliko vyote. Alisema ni kwa ajili ya kikohozi. Sikuwahi kumsikia akikohoa.

Nilileta medali nne. Nilipofika miaka kumi na tisa nyonga ikavunjika, nikapelekwa kiwanda cha nyuzi, na huko nimesimama mbele ya mashine hadi leo. Mwaka huu nimefika hamsini, umri wa mwanamke wa kiwandani kustaafu. Ofisi ikasema bado miaka miwili. Nyonga hii haina miaka miwili.

Tarehe ya kuzaliwa inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa mapema kuliko zote ndani ya faili, na mafaili yetu yanatunzwa na Lanfang, siku hizi mkubwa wa masjala ya michezo. Nilimkuta anatafuna mbegu za alizeti.

"Guizhi, dada yangu! Mwaka huu si wa Nyani? Ni wako huu. Umevaa chekundu?"

Nilimwambia nataka mwaka wangu wa kuzaliwa urekebishwe. Hayo tu. Akacheka, akasema wenzangu wanahonga ili waandikwe vijana. Kisha akaingia ndani, akakaa huko kitambo, akarudi mikono mitupu.

"Nimelipitia lote. Ni Nyani tangu ukurasa wa kwanza. Na barua ya mama yako haimo."

"Barua ipi?"

Akaacha kutafuna.

Sikuwa nimetaja barua. Kwamba kocha aliichukua, kwa miaka thelathini na minane sikumtajia mtu.

Kocha amekwisha kufa, yeye simdai. Idara ya michezo naidai mwaka wangu wa Farasi. Lanfang namdai barua ya mama yangu, na anajua ilipo.