Hukumu ya Muuza Vitumbua

Ijumaa, saa saba na nusu mchana, wanaume wakitoka msikitini, mjomba wangu aliingia uani kwetu Ngamiani, viatu kavishika mkononi. Bibi, mama yake, alipiga kigelegele mpaka kuku wakaruka ukuta. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa jiko, wala si kwa haya tu. Mjomba aliua mtu ngomani nikiwa mtoto mchanga. Alihukumiwa kunyongwa, ikageuzwa kifungo cha maisha, na sasa Serikali imemwachia. Shuleni wenzangu walisema maisha ni maisha, mtu afie huko huko. Kimoyomoyo nilikuwa upande wao.

Ila furaha ya Bibi ilikuwa haijatimia. Marehemu alikuwa kaka wa mama muuza vitumbua wa kwenye kona yetu. Ukoo wao na wetu ni watani, lakini tangu msiba ule hakututania tena. Vitumbua alituuzia kimya. Akikataa kumwona mjomba, mjomba angehamia kijijini Ushongo, na Bibi alishaapa kumfuata.

Pilau haijapakuliwa, mama yule akaingia. Akamzunguka mjomba kama anunuaye ng'ombe mnadani.

"Wee! Si walisema maisha? Mbona mafupi hivi? Kumbe hata jela wamekuchoka!"

Mjomba akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada."

"Nikikusamehe kaka yangu atarudi? Sisamehi mimi, nahukumu. Maisha ni maisha, lakini kule ulikuwa ukila bure. Kila alfajiri utakuja kunikunia nazi, mpaka mmoja wetu azikwe."

"Mwanamume akalie mbuzi ya nazi barabarani?" Bibi akamaka.

"Tena kajifunga kanga yangu, mama!"

Bibi alicheka hata ushungi ukamwanguka. Wakakumbatiana yeye na muuza vitumbua, kicheko na kilio mumo kwa mumo. Nami huko jikoni nikajikuta nacheka kwa sauti, watu wote wakageuka kuniangalia. Wala sikujali.

Asubuhi yake nilikwenda kununua vitumbua. Siku zote mimi huonyesha kwa kidole tu, nikalipa, nikakimbia. Mjomba alikuwa juu ya mbuzi, kanga kiunoni, wapita njia wakimpigia kengele za baiskeli na kumzomea, naye anacheka.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema, watu wote wakisikia. Nikaketi kando yake, nikavuta bakuli, nikaanza kukamua tui.