Ziwa la Redioni

Wateja walimwita Refa, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi wa kimo, mwenye sauti ya kusimamisha gari barabarani. Kibanda chake kilikuwa pembeni mwa soko, na juu ya rafu ya vitambaa ilikaa redio iliyofungwa kamba kiunoni ili betri zisidondoke. Siku ya mechi, mteja aliyekuja kupimwa suruali alipimwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa kwenye kitufe cha sauti.

Mji wake ulikuwa wa milima. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, alipata kazi ya ufundi wa injini za treni katika mji wa ziwa. Akaoa huko, akazeekea huko, na kosa lake kubwa kuliko yote machoni pa dada yake ni kwamba alihamia kwenye ushabiki wa timu ya huko. Timu za miji hiyo miwili zilikuwa watani wa jadi. Kwa miaka ishirini na mbili, Jumamosi haikupita bila ndugu hao kupigiana simu na kuchokozana.

Walianza na watangazaji. Kila mji ulikuwa na redio yake, na kila mmoja alimwekea mwenzake simu karibu na spika ili asikie jinsi mpira unavyotangazwa kwao.

"Kaka, huyo wenu anatangaza mpira au hali ya hewa?" Refa aliuliza. "Dakika nzima anasimulia mawingu, mimi namtafuta mwenye mpira simpati."

"Na huyo wenu anakimbizwa na nani? Anamwaga majina tu kama mwalimu anaita mahudhurio. Uwanja ungekuwa juu ya paa la nyumba, nisingejua."

"Uwanja wetu umezungukwa na milima, hauna haja ya kusimuliwa."

"Milima ipi? Vile vichuguu?"

Hapo ndipo walipohamia kwenye mandhari, na hapo kaka hakuwa na mpinzani. Alisema yuko dirishani, jua linazama, maji yamegeuka rangi ya shaba, ndege weupe wametua juu ya mwamba wamejipanga kama wachezaji wa akiba. Refa alijibu kwamba maji ni maji, hata kwenye ndoo yapo. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa imesimama.

Zamani kaka alikuja kila mwisho wa mwaka, akalala kwenye kochi la dada yake na kukosoa milima asubuhi mpaka jioni. Miaka mitatu iliyopita akaacha kuja.

"Sasa ni zamu yako," alisema kwenye simu. "Lakini uje umevaa jezi yetu. Na ukishuka tu stendi, ukiri kwa sauti kwamba mji wetu ni mzuri kuliko wenu."

"Nife kwanza," Refa alijibu, wakacheka wote.

Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo. Mwaka wa tatu Refa alisema amechoka na ubishi, atapanda basi aje na nguo zake za kawaida. Kaka akawa mkali kidogo. "Bila jezi, mlango haufunguliwi." Refa aliona ni utani uliozidi chumvi. Alinuna wiki moja, kisha yakaisha.

Alhamisi moja, akiwa anatia zipu kwenye sketi ya shule, simu iliita. Alikuwa mke wa kaka yake.

"Wifi, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Kaka yako ametutoka. Alfajiri hii, hospitalini."

Refa aliuliza kama ni gari. Hakuweza kufikiria kingine, maana Jumamosi iliyopita walibishana vizuri kabisa kuhusu penalti.

"Aliugua, wifi. Njoo tu. Nitakueleza."

Alisafiri kwa muda wa saa saba. Walizika Ijumaa asubuhi, na watu walipopungua, wifi yake alimpeleka kwenye chumba alichokuwa akilala kaka. Nyuma ya mlango kulikuwa na kiti cha magurudumu kimekunjwa.

"Hiki cha nani?"

Wifi alikaa kitandani. Alieleza taratibu, kama mtu aliyekuwa akiyapanga maneno hayo kwa muda mrefu. Ilikuwa kisukari. Mguu wa kwanza ulikatwa miaka mitatu iliyopita, wa pili mwaka mmoja baadaye.

"Aliniapisha nisikwambie. Alisema, dada yangu ananijua nikicheza kiungo, nikikata uwanja mzima bila kutweta. Mwache abaki na huyo."

Refa alikwenda dirishani na kuvuta pazia. Nje, umbali wa mkono, kulikuwa na ukuta wa ghala, matofali matupu yasiyopigwa lipu.

"Ziwa liko wapi?"

"Huko nyuma, mwendo wa dakika kumi. Tangu mguu wa pili hakuliona tena. Njia ni ya mawe, kiti hakipiti."

"Lakini kila Jumamosi alikuwa ananisimulia."

"Alikuwa anayachukua redioni. Mtangazaji akisema mawingu, yeye anaandika. Akikupigia, anakusomea."

Alitoa daftari chini ya mto. Mwandiko ulikuwa wa kaka, ule wa kulala upande mmoja. Kurasa nzima za maji, mvua na mitumbwi. Mahali fulani palikuwa na ndege weupe na wachezaji wa akiba, na pembeni ameandika: *hii Refa ataipenda*.

Refa alilifunga daftari. "Angeniambia," alisema. "Ningevaa hiyo jezi. Ningevaa hata mbili, moja juu ya nyingine."

Jumamosi ilikuwa siku ya watani wa jadi. Saa kumi jioni, wifi alipokuwa akikusanya vikombe, mkono wake ulikwenda wenyewe ukafungua redio. Akashtuka. "Niizime?"

"Iache."

Walikaa wawili kwenye ukingo wa kitanda. Mtangazaji alichukua muda wake, akasimulia upepo unavyosukuma bendera, mwanga unavyosogea kutoka lango moja hadi jingine. Kwa mara ya kwanza Refa hakumtafuta mwenye mpira. Dakika ya themanini na tisa, timu ya milima ilifunga. Mtaa mzima ulinyamaza. Simu ya Refa ikaanza kuita, wateja wa nyumbani wakitaka washangilie naye. Aliiacha iite mpaka ikachoka.

"Wifi," alisema, akijaribu sauti yake ya zamani, "timu yenu imepigwa."

Wifi alimtazama kwa upole. "Mimi mpira siujui, wifi yangu. Hata sijui jezi zao ni za rangi gani siku hizi. Nilikuwa nakaa naye tu."

Basi Refa akaelewa kwamba goli lile halina mtu wa kuambiwa. Makaburini alikuwa amesimama wima, watu wakamsifu kwa ujasiri. Sasa aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na wifi akamwekea mkono mgongoni.

Alikaa huko wiki mbili, akarudi kwake. Sare alishona kama kawaida, maana shule zilikuwa zinafungua. Wateja walipoingia na habari za ligi aliwajibu kwa adabu, akawauliza wanataka pindo la inchi ngapi. Daftari alilihifadhi kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Husoma ukurasa mmoja tu kwa wiki, kwa sababu alizihesabu kurasa na anajua akizidisha zitakwisha kabla msimu haujaisha.