Mkeka Niliomfungia Mwanangu

Kosa nililifanya mwenyewe, tena kwa mikono yangu hii. Mama mkwe wangu, wa zamani niseme, maana nilikuwa nimeshaachika, alituma salamu kutoka Salale kwamba mpunga umeanza kuzaa, ndege hawashikiki, na anamtaka mjukuu wake akae naye dunguni wasaidiane kuamia, kuwafukuza hao ndege. Mjukuu mwenyewe ni binti yangu, alikuwa na miaka minane. Shule zilikuwa zinafungwa. Huku kwetu bibi akimwita mjukuu kwa ajili ya mpunga humnyimi, utaonekana una roho mbaya. Nikakubali. Na kwa kuwa najua dungu lilivyo, kibanda cha juu, sakafu ya fito, upepo unapita chini yako, nikamfungia mkeka wake mdogo wa miyaa niliomsukia mwenyewe.

Mtu wa mbali ataona mkeka ni mkeka tu. Kwetu mtoto anayekwenda kutembea hulalia mkeka wa wenyeji. Akifungiwa wake akatwishwa, huyo amehama. Nalijua hilo tangu nipate akili, na siku ile halikunijia kabisa. Niliwaza baridi.

Mpunga ukavunwa, shule zikafunguliwa, mtoto harudi. Napiga simu, naambiwa boti hazipo. Mara ana homa. Mara ameshaandikishwa shule ya huko huko. Nikapanda boti mwenyewe. Mama mkwe alinipokea vizuri, akanipakulia wali na kamba, nikala. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mtoto umetuletea mwenyewe, na mkeka wake juu. Leo umekuja kudai nini?"

Niliyomjibu siyaandiki hapa. Mimi mdomo ninao, sikatai. Nilimtukana yeye, nikamtukana na mwanawe ambaye hata hakuwapo, na binti yangu amesimama mlangoni anasikia yote. Nilipomshika mkono tuondoke akauchomoa, akaenda kujificha nyuma ya bibi yake. Nikarudi Kibiti peke yangu.

Jirani yangu akaniambia niende ustawi wa jamii. Nikambishia. Nilidhani ofisi ile ni ya wanawake waliopigwa, na mimi sijapigwa na mtu. Nikaenda hivyo hivyo, kwa hasira, nikamkuta afisa mwenyewe ni msichana wa umri wa mdogo wangu. Moyoni nikasema hapa nimepoteza nauli. Lakini alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akanieleza kila kitu taratibu: atawaita upande wa baba, atatembelea nyumba zote mbili, ataandika taarifa kwa hakimu. Akanielekeza kwa msaidizi wa kisheria wa kata anayeandika maombi ya mahakamani bure. Mimi sikuwahi kujua kwamba yupo.

"Ila hakimu atataka kumsikia mtoto," akasema.

"Akisema anataka kwa bibi?"

"Litazingatiwa. Dada yangu, nikwambie ukweli. Aliyoyasikia siku ile mlangoni ndiyo anayokujua nayo sasa. Ukimsema vibaya bibi yake mbele yake tena, utampoteza."

Niliondoka nimenuna siku nzima. Kuambiwa na mtoto mdogo namna ya kulea!

Alipanga tukutane na binti yangu mara moja kwa mwezi, Jumamosi, akawa anatufungulia ofisi kwa ajili hiyo tu. Baba yake alimleta, akakaa nje. Mara ya kwanza mtoto aliniamkia, "Shikamoo," akakaa mwisho wa benchi. Nilimpelekea vitumbua, hakugusa. Nikamuuliza habari za shule, akajibu nzuri. Halafu, huku anatazama sakafu, akasema, "Bibi amesema wewe umenichoka."

Damu ilinipanda. Nilikuwa na jibu, tena refu. Afisa akanitazama tu. Nikauma meno, nikasema, "Bibi yako anakupenda." Lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinikera kulisema. Nilipofika nyumbani nililia mpaka macho yakavimba.

Mara ya pili nilikwenda na miyaa yangu, nikaanza kusuka ukili, maana mikono ikiwa na kazi mdomo wangu hutulia. Akasogea benchi nusu. Mara ya tatu akachukua miyaa, akaendeleza upande wake. Tukasuka. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Mama, kwa nini ulinifungia mkeka?"

Ningeweza kumwambia bibi yako mwongo. Ulimi ulikuwa tayari.

"Niliogopa utapata baridi," nikamwambia. "Nilikosea. Nilisahau kwamba mkeka ukifungwa mtu amehama. Sikukuchoka hata siku moja."

Akasuka kidogo. "Dunguni kulikuwa na baridi kweli," akasema.

Mahakamani hakimu alizungumza naye faragha, na mpaka leo sijui alisema nini, wala sijamuuliza. Uamuzi ulikuwa akae kwangu Kibiti asome, likizo aende Salale. Alirudi na mkeka wake kichwani, akausimamisha ukutani, umefungwa vile vile na kamba yake. Wiki nzima alilalia jamvi la wageni. Nilipita pale mara ngapi sijui, mkono unataka kuifungua ile kamba, nikauzuia. Siku ya nane nimerudi sokoni nikakuta ameutoa uani, anaukung'uta makapi ya mpunga.

Mwaka huu mpunga umezaa tena, na bibi amemwita. Yote sijamsamehe yule mama, lakini nimekubali. Nikamfungia nguo tatu na sweta zito. Mkeka wake ulikuwa umetandikwa chumbani, na mimi nikawa nautazama, nawaza zile fito na ule upepo.

"Utaona baridi," nikamwambia.

"Nitaona," akasema. "Uache hapo hapo."