Nilivishwa Nishani kwa Meli ya Mke Wangu

Mwaka 1969, kwenye maonyesho ya Saba Saba pale Tanga, nilipanda jukwaani nikavishwa nishani kwa kazi ambayo mkono wangu haukuigusa hata kwa msasa.

Watu wakapiga makofi.

Aliyeifanya kazi ile alikuwa amekaa mstari wa nyuma kabisa, kitenge kichwani, na yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Akamalizia na kigelegele.

Mtu huyo ni mke wangu. Na ukiona mke uliyemdhulumu anakupigia kigelegele, ndugu yangu, anza kutafuta pa kukimbilia.

Nina miaka themanini na nane na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mtanivumilia. Hii hakunihadithia mtu. Ilinikuta.

Naitwa Rubeni Shekiondo, mtu wa milimani, kijiji kiko juu kidogo ya Soni. Enzi hizo nilikuwa fundi seremala. Nasema seremala kwa sababu nilikuwa na randa moja na misumeno miwili. Milango yangu haikufunga mpaka uipige goti. Vitanda vyangu vilikuwa vinaongea. Watu walinipa kazi kwa kuwa seremala mwingine alikuwa mbali.

Mke wangu, Yunis, alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kabla sijamuoa aliugua kifua, akalazwa miezi tisa hospitali ya misheni. Pale kwenye baraza ya wagonjwa alikuwepo Mzee Athumani, mtu wa Tanga, aliyefanya useremala wa melini ujana wake wote. Mapafu ndiyo yaliyomleta milimani kufuata hewa. Mzee hana la kufanya, akawa anachonga meli ndogo.

Si vinyago. Meli yenyewe, imepimwa, kila kitu kimepunguzwa kwa kipimo kimoja.

Yunis akawa anatazama. Baadaye akawa anashika kisu. Alipotoka hospitali kifua kilikuwa kimepona, ila ameambukizwa meli.

Nilimuoa mwaka uliofuata Uhuru. Nikadhani itapita.

Ikapita wapi!

Mabaki ya mbao zangu hayakulala. Mkulo, ule mti wetu unaonukia, aliuchana vipande vyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili. Kamba za milingoti alisokota kwa katani. Mnyororo wa nanga aliutoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Na yale madirisha ya mviringo ya ubavuni...

Hayo ngoja niwaambie. Jumapili moja navaa viatu vyangu vya kanisani, kamba hazishiki. Natazama, vile vichuma vya matundu vyote kumi na sita vimeng'olewa.

"Yunis, viatu vyangu vimepatwa na nini?"

"Vimekwenda baharini, Baba Marta," akanijibu, wala hakuinua kichwa.

Meli ile ilimchukua mwaka na nusu. Urefu futi tatu kasoro. Meli ya mizigo, ina bomba la moshi, ina mashua nne za kuokolea watu, ina ngazi ambayo sisimizi angepanda asijikwae. Nilijua ni kazi ya ajabu. Lakini kila jioni mimi nilikuwa na neno moja tu: "Mama Marta, ugali tayari?"

Basi bwana. Azimio la Arusha lina miaka miwili, kila mahali ni kujitegemea. Akaja Nathanaeli, Bwana Maendeleo wetu, yule aliyetumwa kuhimiza miradi vijijini. Mtu wa suruali pana na kalamu tatu mfukoni. Alikuja kwangu kuchukua mlango wa ofisi ya tawi la chama, ukiwa na fremu yake. Akaupiga goti, ukagoma kufunga, akageuka anilaumu.

Ndipo akaiona meli mezani. Mlango akausahau.

"Mgosi Rubeni! Hii umeitengeneza wewe?"

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Sikusema ndiyo. Nawaapia. Nilikohoa tu, nikasema, "Aa, ni mambo ya hapa na pale, mkubwa."

Jikoni Yunis alikuwa anatwanga. Mchi ukanyamaza. Kisha ukaendelea, ila sasa kinu kilikuwa kinaumia.

"Huku ndiko kujitegemea!" Nathanaeli alikuwa karibu kulia. "Mtu wa milimani, bahari hana, anajenga meli! Hii inakaa meza ya Lushoto kwenye maonyesho ya Tanga. Nimemaliza."

Alipoondoka nikasubiri moto uwake. Haukuwaka. Yunis akaandaa chakula, akaninawisha, akasema kwa adabu zote:

"Karibu chakula, Fundi."

Miaka saba ya ndoa hajawahi kuniita hivyo. Tangu siku hiyo nikawa Fundi asubuhi, Fundi mchana. Fundi, shati lako hili hapa. Fundi, mbuzi amekula kamba. Kila "Fundi" ilikuwa sindano.

Nilipanga kusema ukweli kesho yake. Lakini kesho yake, gulioni Soni, watu watatu wakanipa mkono wa hongera. Wa nne akanipa mkungu wa ndizi. Jamani, sifa ni tamu. Nikasema nitasema wiki ijayo.

Wiki zikaisha, Saba Saba ikafika.

Tulishuka Mombo kwa lori, tukaendelea hadi Tanga, meli imo kwenye sanduku lililojazwa majani makavu ya migomba. Yunis alishikilia lazima aje. "Fundi ataumia mgongo, nitamsaidia kubeba," akamwambia Nathanaeli. Nathanaeli akanong'ona kwamba nimepata mke.

Meza yetu ilikuwa na kabichi, viazi, asali na meli. Hakuna aliyetazama kabichi. Mimi nimezungukwa na watu, nasimulia nilivyohangaika na ile nanga. Akapita karani wa maonyesho na fomu za kujaza. Nikampungia Yunis mkono: "Jaza wewe, mama, si unaona nina wageni?"

Akajaza.

Akaja mtu mrefu wa bandarini, Ndugu Mussa, mkuu wa karakana ya mashua, aliyewekwa kuamua kazi za mikono. Alinisalimia, akaniuliza jina, nikamwambia Rubeni. Akavaa miwani, akachungulia ndani ya meli muda mrefu.

"Humu ndani umeweka mataruma mangapi?"

Neno mataruma nilikuwa sijawahi kulisikia. Nikadhani ni mboga.

"Mataruma hatukuja nayo mwaka huu, bwana," nikamjibu. "Tumekuja na kabichi na viazi."

Akanitazama. Yunis nyuma yangu akajiziba mdomo kwa kitenge.

"Mume wangu sikio hili ni zito," akasema. "Mataruma ni thelathini na sita, bwana. Mbavu za meli, Fundi. Mbavu."

"Na kipimo?"

"Robo inchi kwa kila futi moja."

Ndugu Mussa akaandika kitu, akaondoka. Baadaye nikamwona amesimama na Yunis karibu na bomba la maji. Wanacheka mpaka Yunis kashika kiuno. Nikasema moyoni, watu wa pwani wanajua kuchekesha.

Mchana ule ule kipaza sauti kikaita: "Mshindi wa kazi za mikono, Ndugu Shekiondo wa Lushoto!"

Sikungoja kiite mara ya pili. Nilipanda ngazi mbili mbili. Nikavishwa nishani, nikapewa cheti, nikakipunga juu bila hata kukisoma. Ndipo kile kigelegele kilipotoka kule nyuma.

Ndugu Mussa akashika kipaza sauti. "Kesho saa tatu asubuhi, fundi wetu atatuonyesha hapa hapa jinsi mbao za ubavuni zinavyopindwa. Vijana wangu wote wa karakana watakuwepo."

Kijasho chembamba kikaanza safari kutoka kisogoni.

Nikamfuata Yunis nyuma ya banda. "Mama Marta, niokoe."

"Nikuokoe na nini, Fundi?"

"Si unajua!"

"Mimi ninachojua ni kutwanga."

Asubuhi nikaja na ujanja. Nimejifunga kitambaa mkono wa kulia, kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nikasimama mbele ya watu kama mia mbili.

"Ndugu zangu, nimeteleza nikaumia. Ila msiwe na wasiwasi. Mimi nitaelekeza kwa mdomo, mke wangu atatenda kwa mikono."

Nikajiona nimetoka. Yunis anajua kila kitu. Mimi nitabwabwaja lolote, yeye atafanya lililo sawa, mambo yaishe.

Sikumjua mke wangu.

"Chukua ubao," nikasema. Akachukua kile kipande chembamba.

"Upinde."

"Niupinde hivi hivi, Fundi?"

"Hivi hivi."

Akaupinda. Kacha! Vipande viwili.

"Huo ulikuwa mbovu," nikawaambia watu. "Chukua mwingine."

Kacha!

"Pinda polepole."

Akapinda polepole. Ukakatika polepole.

Watu wakaanza kucheka. Nathanaeli, mstari wa mbele, akajifunika uso kwa kofia. Nikamwinamia Yunis sikioni. "Tafadhali, fanya kama unavyofanya nyumbani."

"Sema kwa sauti, Fundi," akapaza, "watu wa nyuma hawasikii!"

Kijana mmoja wa karakana akanyoosha mkono. "Mzee, kwani si unaulainisha kwanza?"

"Tunafika huko," nikasema.

"Tunaulainisha kwa nini, Fundi?" akauliza Yunis, macho makavu.

"Kwa... mafuta."

Akaomba mafuta ya kula banda la jirani. Akaupaka ubao, akausugua, akaupinda. Kacha! Akanitazama, mikono inang'aa mafuta, uso wa mtu anayesubiri kipaimara.

Umati mzima ulikuwa umeinama kwa kicheko. Mimi nikatazama chini.

Vile vipande vilivyokatika nilivijua. Kila kimoja alikichana mwenyewe, kimoja nusu siku, amekaa kwenye kigoda huku Marta kamlalia mgongoni. Alikuwa anavunja jasho lake mwenyewe, kipande baada ya kipande, ili mimi niseme neno moja tu. Na vilibaki vitatu.

Nikafungua kile kitambaa.

"Jamani, mkono wangu ni mzima. Meli si yangu. Sikuijenga mimi. Kaijenga huyu."

Yunis akajifuta mafuta mikononi.

"Naomba birika la maji yanayochemka," akasema.

Likaletwa. Akaushika ubao kwenye mvuke, akaugeuza, akausubiri, hana haraka. Kisha akaukunja taratibu kwenye kalibu, kile kiunzi cha kuupa ubao umbo, aliyokuja nayo sandukuni, nao ukatii, ukalala kama mkanda kiunoni.

"Hivi," akasema.

Vijana wa karakana wote walikuwa wamesimama.

Nikavua nishani nimvishe. Ndugu Mussa akanishika bega, anatabasamu. "Kwanza soma cheti, bwana."

Nikakitoa mfukoni. Kimeandikwa: Ndugu Y. Shekiondo.

Fomu aliijaza Yunis, akaandika jina lake. Na enzi zile mwanamume ni Ndugu, mwanamke ni Ndugu. Kipaza sauti kilimwita yeye! Aliyekurupuka ni mimi.

Ndugu Mussa aliiona ile Y kwenye fomu, na mimi nimeshamwambia naitwa Rubeni. Kule bombani alimuuliza Yunis kama aniaibishe mara moja. Yunis akamjibu: "Niachie siku moja, nimnyooshe mwenyewe."

Mnadhani yaliishia hapo? Hata mimi nilidhani.

Tanga walimwelewa vizuri. Miaka minne mfululizo walimwita karakana, miezi miwili kila kiangazi, awafundishe vijana kujenga mfano kabla ya kujenga mashua yenyewe. Mimi nilibaki nyumbani na watoto, nikajifunza kupika makande yasiyoungua.

Kazi ilikuwa kijijini.

Niliporudi nilisema ukweli gulioni. Nikasema tena kanisani, baada ya matangazo, nimesimama wima. Watu wakatazamana. Mwinjilisti akainua mkono: "Mmeona unyenyekevu, wapendwa? Mwanamume anamvika mkewe sifa yake mwenyewe."

"Si unyenyekevu! Nawaapia!"

Hapo ndipo wakanipenda zaidi.

Nathanaeli alikuwepo Tanga, aliona kwa macho yake. Lakini alikuwa ameshaandika ripoti kwa jina langu. Alipoulizwa akasema, "Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba," kisha akahamishwa. Yunis akienda karakana, watu wanasema Fundi kamfundisha mkewe, sasa anamtuma. Wakanipa hata kazi za milango zaidi. Milango yangu mnaijua.

Yunis alicheka mpaka machozi. "Uliupanda huu mti kwa kikohozi kimoja," akaniambia. "Haya, ung'oe."

Nimeung'oa miaka yote hiyo. Mizizi haijatikisika.

Yunis alifariki mwaka 2014. Siku ya mazishi mzee wa kanisa akasoma wasifu: "Marehemu alikuwa mke mwema wa fundi wetu mashuhuri wa meli."

Nikasimama na bakora yangu, mbele ya jeneza.

"Hapana. Fundi ni huyo mnayemzika."

Watu wakainamisha vichwa kwa huruma. Nikamsikia mama mmoja anasema, "Maskini, uchungu umemzidi. Mkalisheni, mpeni maji."

Wakanikalisha. Wakanipa maji. Nikanywa.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, nawaachia hili. Ukisifiwa kwa kazi isiyo yako, kataa papo hapo, mtu wa pili hajasikia. Kuchukua sifa ya mwenzio ni kufumba na kufumbua.

Kuirudisha? Mimi hapa ndiyo bado nairudisha.