Ukuta Mwekundu wa Katuba

Sogea karibu, mwanangu, wewe uliyeniomba nikufundishe foto za nyeusi na nyeupe. Kabla sijakupa kamera, sikiliza kosa langu.

Jimbo letu la Katanga lilikuwa limejitenga na nchi, nami nina miaka kumi na tisa, mpiga foto hapa mtaani Katuba. Watu waliotoka jimbo la Kasai waliwindwa. Kwenye barabara alipokaa Mama Ngalula, muuza unga aliyetoka Kasai, nyumba mbili zilikuwa zimekwisha kuchomwa. Treni ya kuwarudisha kwao ingeondoka jioni ile, na bila kibali chenye foto hakuna aliyeruhusiwa kupanda.

Nilimsimamisha mbele ya ukuta wa matofali mekundu, kitambaa cha kijani kichwani. Machoni pangu alipendeza mno, nikabonyeza bila kufikiri.

Saa nane tulifika kwenye dirisha la vibali. Askari aliigeuza foto, akatuonyesha.

"Muntu iko wapi hapa? Miye naona ukuta tu."

Alisema kweli. Tofali, kitambaa na uso, vyote vilikuwa vimetoka kijivu kimoja. Akatuambia dirisha linafungwa saa kumi. Mtu mmoja kwenye mstari akasema nimepiga foto ya nyumba, wenzake wakacheka. Mama Ngalula hakucheka. Alinishika mkono mpaka ukauma.

Tulikimbia kwa Mzee Selemani, aliyenifundisha kazi. Hakunigombeza. Alitundika shuka jeupe, akamwomba mama arudishe kitambaa nyuma mpaka masikio yaonekane, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango. Kisha akaniambia, "Kamera haijui rangi, kijana. Fumba macho nusu, uone inavyoona."

Nikafumba. Rangi zikafifia, vikabaki mwanga na giza, na sasa uso ulisimama peke yake. Nikabonyeza.

Foto ilikuwa bado mbichi kwa maji ya kusafishia tulipoifikisha, dirisha likiwa karibu kufungwa. Askari akaitazama, akamtazama mama, akaitazama tena. Muda ule ulikuwa mrefu, mwanangu. Akagonga muhuri.

"Sasa niko na masikio," Mama Ngalula akaninong'oneza, akaenda zake stesheni.

Nusura abaki kwa sababu nilipenda ukuta kuliko uso wake. Wewe tafuta mwanga kwanza, rangi isikudanganye. Mungu akupe macho yenye subira, na kila uso utakaoupiga foto ufike salama.

Sasa mwite dada yako, msimamishe uani, ufumbe macho nusu. Uso ukizama kwenye ukuta, msogeze. Ukitokeza, bonyeza.